Jina la Nne Kwenye Orodha

Orodha ya semina ya usafi wa vifaa ilibandikwa Jumanne kwenye mlango wa chumba cha kuoshea vifaa, na ilikuwa na majina matatu: la Daktari, la Fremu msaidizi wake aliyesomea chuoni, na la Dada wa Mapokezi. Kliniki yetu ya meno ina watu wanne. Wa nne ni mimi.

Niliisoma mara mbili, polepole, nisije nikawa nimejiruka mwenyewe. Chini ya majina kulikuwa na maneno machache tu. Kuanzia Jumatatu ijayo, asiye na cheti cha semina hii hatagusa vifaa vya mgonjwa wala kusimama kwenye kiti. Na wa kuhudhuria awe amesoma sekondari.

Mimi nimesoma shule ya msingi, basi. Shangazi yangu alinileta hapa miaka minne iliyopita kupiga deki. Siku moja msaidizi wa wakati huo hakuja, na Daktari alikuwa na jino lililovunjikia mdomoni mwa mtu, mikono yote miwili imejaa. Akaniambia, wewe, shika huu mpira wa kufyonza mate. Nikaushika. Sijauachia tangu siku hiyo.

Kazi ya kiti sikufundishwa, nimeitazama. Najua koleo la gego la juu kulia na la kushoto hata nikiyashika gizani. Najua mgonjwa akianza kuumia hasemi, maana mdomo umejaa vyuma. Vidole vya miguu ndivyo vinavyojikunja ndani ya kiatu. Mimi huangalia viatu. Nikiona ngozi ya kiatu imepanda, namgusa Daktari kiwiko, naye anaongeza ganzi. Hajawahi kuniuliza najuaje.

Sasa karatasi ilikuwa inanirudisha kwenye ndoo.

Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu chini ya yale matatu.

Saa nne lilikuwa limekatwa. Nilijua ni Fremu. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu cheti chake cha chuo amekitia kwenye fremu ya dhahabu, akakitundika juu ya sinki, na kila Jumatatu anakipangusa kwa spiriti. Si mtu mbaya. Mkono wake ni mwepesi na wagonjwa wanampenda. Lakini kile kioo kimemwingia kichwani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "usijiaibishe. Semina siyo harusi, kwamba mtu unakwenda tu."

"Harusi nayo watu hukaribishwa, dada. Hapa mimi si mgeni, nafanya kazi humu humu."

"Unafanya kazi, sikatai. Ila kusoma ni kitu kingine."

Nikaandika tena. Akakata tena. Alhamisi nilimwomba Dada wa Mapokezi kalamu yake nene nyeusi, ile ya kuandikia mafaili. Alinitazama juu ya miwani.

"Ya nini?"

"Ya kuandikia jina."

"La nani?"

"La mkaidi mmoja hivi."

Akanipa, akageukia simu yake kama hajaona kitu. Safari hii jina lilichukua nusu ya karatasi, na kulikata ingebidi mtu atumie rangi ya ukuta.

Ijumaa Daktari akaniita. Ni mzee wa heshima, hapandishi sauti, na ndiyo maana maneno yake yanauma. "Kesho utatuwekea viti na chai," alisema. "Mambo ya orodha yaache. Sheria si yangu, imetoka kwa wakubwa."

"Sawa, Daktari. Viti vingapi?"

"Vitatu, na cha mwalimu."

Nyumbani nilimsimulia wifi yangu, mke wa kaka. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo kesho unakwenda kufukuzwa na chai mkononi."

"Nakwenda kukaa kwenye kiti."

"Ukifukuzwa usije ukanililia mimi hapa. Machozi yako ni ya chumvi nyingi, yataniharibia mchele."

"Sitalia, wifi."

"Najua. Wewe ukikasirika unanyamaza, na hapo ndipo kaka yako hutafuta pa kujificha." Akapuliza pumba. "Vaa lile gauni la kijani. Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe umependeza."

Nikavaa la kijani. Na viti nikaweka vitano.

Hapa lazima niseme habari ya mashine ya mvuke, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote. Vifaa vikishaoshwa hutiwa kwenye pakiti, upande mmoja karatasi, upande mmoja nailoni, kisha pakiti huingia kwenye mashine. Mvuke ukimaliza kazi, alama ndogo ya waridi kwenye pakiti inakuwa kahawia. Baada ya hapo mashine inahitaji nusu saa nyingine ya kukausha, na katika kliniki yetu nusu saa hiyo haikuwa na mwenyewe. Daktari akiita koleo, Fremu anafungua mlango wa mashine, anazitoa pakiti zikiwa zinatiririka maji, anakwenda nazo kwenye feni ya mapokezi na kuzipepea, hivi na hivi, kama mtu anayepoza chai ya mtoto. Wagonjwa kwenye benchi wanamtazama na kuona huo ndio utaalamu wenyewe. Kisha zinaingia kwenye droo. Alama imekuwa kahawia, basi zimeiva.

Nami nilikuwa nazipepea hivyo hivyo, mpaka siku niliyofuta droo kwa kitambaa kipya cha buluu. Kilikuwa kinachuja rangi, sikujua. Kesho yake nilifungua pakiti moja kwa ajili ya mgonjwa, nikaona ncha ya koleo ina buluu. Ndani ya pakiti iliyofungwa. Nilisimama pale nikiwa nimeishika. Kama rangi ya kitambaa imepita kwenye karatasi iliyolowa, basi uchafu wa droo nao haukubisha hodi.

Nilimwonyesha Fremu. Akasema ni rangi tu. Nikamwonyesha Daktari. Akasema, muulize Fremu, yeye ndiye aliyesomea. Tangu hapo, zamu yangu ya mashine, sifungui mpaka nusu saa iishe. Wakiita, najibu bado. Wakaniita Bibi Bado, na Daktari akasema mimi ni mzito. Nilikubali uzito huo kuliko kumtia mtu mdomoni kitu nisichokiamini.

Jumamosi mchana mwalimu wa semina akafika, mama wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea, na begi lililojaa fomu. Akahesabu viti, akahesabu watu. Niligawa chai. Nilipomaliza niliweka sinia mezani, nikakaa kwenye kiti cha tano.

Daktari akakohoa. "Chai ya mwalimu imepungua."

"Birika liko karibu yake, Daktari."

Dada wa Mapokezi akainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. Fremu alinikodolea macho. Mwalimu akajimiminia chai mwenyewe, akanywa, akafungua daftari.

"Semina hii ni ya kikosi kizima," alisema. "Cheti hakitoki kwa mmoja mmoja mpaka kwanza nione chumba chenu kinavyofanya kazi. Sitaki hotuba. Nifanyieni kama mnavyofanya siku ya kawaida, tangu kuosha mpaka droo."

Fremu akasimama kama anayekwenda kupokea zawadi. Sina budi kusema aliosha vizuri sana. Akapakia, akafunga, akawasha, na mashine ilipokuwa inanguruma alijibu maswali yote ya mwalimu, joto kiasi gani, dakika ngapi, bila kumeza mate. Mwalimu akawa anatikisa kichwa kukubali na kuandika. Daktari akaegemea kiti.

Mvuke ulipokwisha, Fremu akafungua mlango wa mashine. Akatoa pakiti sita, akaenda nazo kwenye feni, akapepea. Mwalimu akaacha kuandika. Nami nikamwangalia yeye, nikaona anamwangalia Daktari, na Daktari anaangalia saa yake.

Fremu akaja na pakiti zake kwenye droo. Nilikuwa nimeshafika. Niliisukuma droo ikafunga, nikaegemeza mgongo.

"Hizo haziingii humu," nikasema.

"Toka, Bibi Bado. Mgeni anatutazama."

"Aangalie. Zimelowa."

"Alama imegeuka, huoni?"

"Alama imeona moto. Haijui maji."

"Wewe," Daktari akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "kaa au nenda nyumbani."

Nilijua ninachokiweka mezani: kile kiti, ule mpira, miaka minne. Lakini kama ningesogea, ningekuwa nimesogea kila siku mpaka mwisho.

"Dada wa Mapokezi," nikasema, "naomba kidau chako cha muhuri, kile cha sifongo yenye wino."

Akakileta. Hata leo sijui kwa nini alikileta haraka hivyo. Nikachukua pakiti moja mkononi mwa Fremu, upande wa karatasi nikaulaza juu ya wino, nikahesabu mpaka ishirini. Kisha nikaifungua juu ya trei nyeupe mbele ya Daktari. Kioo kidogo cha mdomoni kilikuwa na doa la buluu, bichi, linang'aa. Nikafungua kabati, nikatoa pakiti ya jana, ya zamu yangu, iliyokauka. Nayo nikailaza kwenye wino, nikahesabu ishirini. Karatasi ikachafuka kwa nje. Ndani, chuma kilikuwa cheupe.

Feni ilikuwa bado inazunguka, hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Nani amekufundisha hilo?" mwalimu akauliza.

"Kitambaa cha kufutia droo."

"Umesoma wapi?"

"Shule ya msingi."

Mwalimu akafunga kalamu yake. Alisema kwamba leo hakuna cheti kwa mtu yeyote. Kikosi kimeshindwa kwenye mashine. Atarudi baada ya wiki mbili, na mpaka hapo pakiti zote zilizomo kwenye droo zifunguliwe, zianze upya.

Alipotoka kwenda kupiga simu barazani, Daktari alinigeukia. Sijawahi kumwona amekuwa mwekundu macho vile. "Umenivua nguo mbele ya mgeni. Jumatatu usije kwenye kiti. Huna cheti."

"Nani anacho?"

Akageuka kuitazama orodha mlangoni.

"Karatasi uliyobandika inasema asiye na cheti hasimami kwenye kiti. Fremu hana. Wewe mwenyewe, Daktari, samahani kusema, huna. Jumatatu kuna watu kumi na mmoja wameandikishwa. Ama tunasimama wote, ama tunafunga mlango."

Fremu alikuwa ameketi, pakiti zake tano zimemlalia mapajani, gauni limelowa. Nilidhani atanirukia. Badala yake akasema, bila kumwangalia mtu, "Mimi niling'ang'ania ile alama tu. Chuoni walituambia tusubiri. Nilipofika hapa nikakuta hatusubiri." Akanyanyuka, akaenda kwenye droo, akaanza kuzitoa pakiti moja moja. Baada ya muda kidogo nikaenda kumsaidia.

Jumatatu nilivaa glavu. Daktari alinikuta nimeshasimama, mgonjwa ameshalazwa, bibi mmoja mwenye gego bovu. Akasimama mlangoni kitambo. Kisha akanawa mikono.

Wiki mbili zikapita tukisubiri nusu saa yetu kila mara, na Daktari akiguna kila mara. Mwalimu aliporudi, tulifaulu. Akagawa fomu nne za vyeti tujaze. Alipofika kwangu akainama, akaninong'oneza, kwa wema kabisa, naamini.

"Mwanangu, hapo penye kiwango cha elimu, paache wazi. Mimi nitajua la kufanya. Wakubwa wakiona msingi watakirudisha."

Nilikitazama kile kisanduku. Ni kidogo, hakitoshi hata kidole gumba. Kukiacha wazi ilikuwa rahisi, na cheti kingetoka, nami ningekipangusa kila Jumatatu nikiogopa siku mtu atakapouliza. Na binti mwingine wa ndoo, kwenye kliniki nyingine, angekuta orodha mlangoni vile vile.

Nikaandika: *Shule ya msingi. Nimemaliza.* Maneno yakatoka nje ya kisanduku, yakaingia kwenye cha jirani yake.

Mwalimu akasoma. Akavuta pumzi ndefu. "Sasa itabidi niwaeleze huko juu."

"Waeleze, Mwalimu. Waeleze na habari ya wino."

Akaitazama fomu, akanitazama mimi, kisha akapiga muhuri. "Huu ni muhuri wangu tu," alisema. "Wao wanaweza kukataa."

"Nimeelewa."

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo na jibu halijafika. Fremu aliuliza wiki iliyopita, wakikikataa cheti changu nitafanyaje. Nikamwambia wakitaka kunitoa waje wenyewe, siku ya kazi, wanikute nimeshika mpira mdomoni mwa mtu na macho yangu yako kwenye viatu vyake, waniambie hapo hapo nisogee. Akacheka. Mimi sikuwa natania.