Kifaa Kifuani mwa Upepo

Uvumi ulianzia kwa msusi, ukaingia masikioni mwa mama Upepo, ukakataa kutoka: daktari wa mioyo huzima mioyo ya watu aone kama itawaka tena, kisha huandika vitabu kuihusu.

Kabla ya hapo mama alimsifu. Daktari yule aliota mvi akihangaika na jambo moja tu, mioyo inayopoteza mwendo. Asubuhi alitibu, jioni alijifungia na michoro ya mapigo, akitafuta kwa nini watoto wazima huanguka wakikimbia. Na binti wa mama huyu, aliyepewa jina la Upepo kwa mbio zake, alishaanguka uwanjani akazimia, watu wakasema ni uchovu tu.

Daktari alimbandika Upepo nyaya kifuani na kijisanduku cha kurekodi mapigo kiunoni, akasema ashinde na alale navyo, acheze kama kawaida. Mama alipouliza kuhusu uvumi, hakuukataa wote. Alieleza kwa upole kwamba moyo ukienda mrama hushtuliwa kwa umeme, husimama kidogo, ndipo hushika mwendo wake. Mama alisikia neno moja tu: husimama.

Msusi alimcheka. "Wewe dada, umempeleka mwana kufanyiwa majaribio, halafu unasema asante?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alimbandua binti nyaya zile, akajibandika mwenyewe. Kama kuna wa kuzimwa, alijiambia, aanze yeye. Akapika nazo, akafua nazo, akalala nazo. Kesho yake, chooni hospitalini, akamrudishia Upepo nyaya kifuani na kumkanya asiseme.

Daktari alisoma mchoro, akafurahi. Moyo shwari, alisema. Dawa ya nini, mtoto akimbie.

Wiki hiyohiyo Upepo alianguka mashindanoni. Alipofikishwa hospitalini, daktari mwenyewe aliushtua moyo, ukarudi. Upepo hakurudi mzima. Ubongo ulikaa mno bila hewa, na hadi leo analishwa kwa kijiko.

Daktari alitandaza michoro miwili mezani, ule wa kijisanduku na ule wa siku ya kuanguka, haifanani hata kidogo.

"Mama, huu nilioupa ruhusa ya kukimbia ulikuwa moyo wa nani?"

"Wangu, baba."

Hakumgombeza, na hilo ndilo linalomla mama hadi leo.

Kina mama wenzangu, epukeni haya:
Kumvua mtoto kifaa cha daktari.
Kumficha daktari ulichofanya, hata ukiona haya.
Kumfunza mtoto kunyamaza.
Kuita kuzimia uchovu.
Kwenda kusuka nywele ukarudi na ushauri wa moyo.