Kilimia kwa Fidla na Tarumbeta

Jioni ya onyesho, Mumtaz alifika mapema kwenye ukumbi wa misheni pale Kahama, akachagua kiti cha dirishani ili aone paa la nyumba yake. Mumewe, Firoz, mwenye duka dogo na mpiga fidla wa okestra, alikuwa rumande. Sukari ya duka la ushirika ilikuwa imepotea, na mwaka ule wa 1983, wa msako wa wahujumu uchumi, kuwa na duka lilikuwa kosa tosha. Aliyemtaja ni Ignas, mwenyekiti wa ushirika.

Mwalimu Valerian alikuwa ametunga muziki wa okestra kwa kufuata nyota za Kilimia: kila nyota sauti, kila pengo kimya. Tangu mazoezini ilijulikana kwamba sehemu ya tatu ikipigwa, vitu vilivyofichwa hupoteza uzito na kupaa. Mumtaz mwenyewe ndiye aliyemsihi Afande Mabula aje aone. Hata hivyo, moyoni alimshuku mumewe, na aibu ilimtafuna.

Fidla zilipoanza, kofia za wachimbaji dhahabu ziliinuka vichwani. Wakazishika, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Kisha, kule nje, mabati ya nyumba ya Ignas yakafunguka, magunia ya sukari yakatoka moja moja, yakajipanga angani kwa adabu kama watu kwenye foleni. Ignas, kitini pake ukumbini, aliendelea kutafuna karanga.

Paa la Mumtaz lilitulia. Alitaka kulia kwa furaha. Ndipo kwenye dirisha la nyumba yake likapenya kopo la samli, alilomfichia Firoz ili akirudi apikiwe vizuri.

Muziki ulipokwisha, kila kitu kilishuka. Afande akatoka, akarudi na kopo.

"Hili ni lako, Mama Shabir?"

"Ni langu, afande. Lakini magunia yale je? Si mmeona yametoka kwa nani?"

"Yale ni mali ya ushirika, na mwenyekiti ni wa ushirika. Anayatunza." Akalifunika kopo vizuri. "Hili ndilo limefichwa."

Mwenye nguvu mpishe. Kopo likawa kielelezo cha kesi ya Firoz, na Mwalimu Valerian akaombwa aipige tena sehemu ya tatu siku ya Sabasaba, kwa kuwa iliwapendeza viongozi.

Kesho yake Mumtaz alipeleka wali rumande.

"Nasikia samli yetu ilipaa," alisema Firoz.

"Ilipaa. Nisamehe, Baba Shabir."

"Na fidla? Hawakuharakisha?"

"Hawakuharakisha."

Firoz akatikisa kichwa, ameridhika, akaanza kuula ule wali mkavu.