Kuni Zilizokwama Mlangoni

Nakutegea, na usikimbilie kujibu. Nyumba ina kuni zimerundikana hadi mlangoni, na waliomo ndani wanakufa kwa baridi. Nyumba gani hiyo?

Ukishindwa usione haya. Mume wangu alishindwa, na nyumba ilikuwa yeye mwenyewe.

Alikuwa mwokaji mikate tangu ujanani. Hamira ikilala, unga ukakataa kuumuka, dawa aliijua: maji vuguvugu, kijiko cha sukari, funika, ngoja. Punde povu linapanda. "Hii ina uhai," alipenda kusema. "Inakula sukari, inatoa pumzi, na pumzi ndiyo inayoinua mkate."

Basi mwili wake ulipoanza kulegea, akajitibu kama hamira. Maji vuguvugu, sukari, akanywa. Akazidi kulegea, naye akazidisha sukari. Suruali zikawa hazimkai, kiu haimwishi, na pumzi yake ikanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitali wakampima: damu imejaa sukari, na asipochomwa sindano ya insulini kila siku, atatutoka.

"Sichomwi," akasema.

Mchana mmoja mjukuu wetu muuguzi akaja na sindano, akaketi juu ya gunia la unga. "Babu, nikuchome wapi, tumboni au pajani?"

Babu akaligeukia tanuri.

"Mke mdogo," akamwita mjukuu kwa utani wao, "mnasema nina sukari tele. Mbona sina nguvu?"

"Imebaki nje, babu, kwenye damu. Haiingii kwenye chembe za mwili. Insulini ndiyo inayofungua mlango."

"Milango! Sasa nina milango! Na madirisha je?"

Muuguzi akanigeukia. "Mke mwenzangu, sema na mumeo, mimi ameshanichosha."

Mwenzenu nilikuwa nimeegemea ukuta wa tanuri, lile joto linanipapasa mgongo, na usingizi ukanichukua hapo hapo.

Nikajiona mdogo kuliko punje ya unga, natembea vichochoro vyekundu ndani ya mume wangu. Huku vyumba, kule vyumba, na kila mlango umezibwa na magunia ya sukari. Nikachungulia kwenye ufa. Ndani mlikuwa na waokaji wadogo wadogo, wote wana masikio ya mume wangu, wamelizunguka tanuri linalofifia. Kazi yao niliielewa bila kuambiwa. Wanachoma sukari polepole kwa hewa aivutayo, wanatoa makaa madogo mekundu, wanapokezana mkono kwa mkono mpaka yamfikie anayenyanyua mguu na anayepigisha moyo. Lakini makaa yalikuwa haba, na mmoja alikuwa juu ya dari, anang'oa boriti na kuzitia motoni. Moshi wake ulinuka matunda.

"Jamani, mnabomoa nyumba!"

"Tufanyeje, mama?" akajibu. "Tunachoma mafuta ya mwili, sasa na nyama pia. Sukari tunaisikia hapo nje, ila bawabu hayupo."

Nikazinduka, nikawasimulia vyote.

"Masikio yangu?" mzee akacheka.

"Hayo hayo, kama vishikio vya sufuria."

Kicheko kikamwisha taratibu. Akaingiza mkono chini ya shati, akazipapasa mbavu moja moja, kama anayekagua boriti.

"Na huyo bawabu akiacha mlango wazi tu?" akamuuliza muuguzi.

"Hapana, babu, hiyo nayo ni hatari. Sukari yote ikiingia ndani, damu inabaki mikono mitupu, unaanguka. Ndiyo maana tunapima, na unakula kwa saa zake."

"Kama moto wa tanuri," akasema kwa sauti ndogo. "Ukipungua, mkate mbichi. Ukizidi, makaa matupu."

"Basi umeelewa kunishinda."

Vumbi la unga lilikuwa likielea kwenye mwanga kati yetu. Mzee akafungua vifungo vya shati, kuanzia cha chini.

"Tumboni," akasema. "Wafunguliwe mlango hao waokaji wenye masikio yangu."