Kufungua Mlango Bila Ufunguo

Mimi ni fundi vitasa. Nalisema hilo mapema kwa sababu shemeji yangu amenifundisha kwamba msomaji asipojua ndani ya sentensi mbili wewe ni nani na unauza nini, anaondoka zake. Basi umeshajua. Ukitaka kuondoka, mlango uko wazi, na kama hauko wazi nitakueleza namna ya kuufungua. Nimeshawaeleza watu elfu kumi na moja, wewe utanishinda?

Shemeji ninayemsema ni mdogo wake mke wangu, na nyumbani tunamwita Mtaalamu. Alianza kuwa mtaalamu wa bima, akawa mtaalamu wa kufuga sungura, na baada ya sungura kufa wote kwa wiki moja alihudhuria mafunzo ya siku mbili hotelini, akatoka na cheti kilichopigwa plastiki. Kuanzia hapo akawa mtaalamu wa kuwapandisha watu kwenye mtandao. Yeye mwenyewe hakuwa amepanda popote, lakini ukimuuliza hilo anacheka kwa huruma, kama daktari aliyeulizwa kwa nini na yeye anakohoa.

Shida yangu ilikuwa ya kweli. Kwenye kona ya mtaa lilifunguliwa duka la vitasa vya umeme, vile vinavyofunguka kwa kidole, na wateja wakaanza kupita mlangoni kwangu wakinisalimia kwa adabu zote huku wakielekea kule. Mke wangu akasema, "Siku hizi watu hawaulizi jirani. Wanauliza simu." Nikamjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtaalamu alikuwepo, anakula chakula chetu kama kawaida yake.

"Shemeji," akasema, "methali hiyo ilitungwa kabla ya intaneti. Siku hizi kizuri kisipojitembeza kinaozea kabatini."

Naomba nieleweke hapa, maana baadaye utanicheka na sitaki ucheke bila kujua. Katika kazi yangu, mtu hanunui kitasa. Ananunua fundi ambaye akishatoka hapo hakumbuki nyumba yake ilikuwa ipi. Kwa miaka ishirini na mbili nimefungua milango ya watu mchana kweupe, na hakuna aliyewahi kuhesabu vijiko vyake nilipotoka. Jina hilo ndilo duka langu. Yale mabati na ile meza ni vya kujikinga jua tu.

Basi tukaanzisha blogu. Makala ya kwanza niliiandika kwa moyo wangu wote: kwa nini ubadilishe kitasa unapohamia nyumba mpya. Ilisomwa na watu watatu. Mmoja alikuwa mimi, wa pili mke wangu, na wa tatu Mtaalamu, ambaye baadaye alikiri kwamba hakuimaliza.

"Tatizo lako unaandika unachojua," akaniambia. "Unatakiwa uandike wanachotafuta watu."

Akafungua kompyuta yake, akanionyesha orodha ya maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta vitu mtandaoni, na pembeni idadi yao kwa mwezi. "Fundi vitasa mwaminifu" walikuwa kumi. "Jinsi ya kufungua mlango bila ufunguo" walikuwa elfu nane.

"Hawa elfu nane ni kina nani?" nikauliza.

"Watu waliojifungia nje, shemeji."

"Kila mwezi watu elfu nane wanajifungia nje?"

"Watu wana mawazo mengi siku hizi," akasema Mtaalamu, bila kupepesa jicho. "Sasa sikiliza. Mtu kajifungia nje, anasoma makala yako, anaona kumbe kazi yenyewe ngumu, anakupigia simu. Hiyo inaitwa safari ya mteja."

Ningeweza kukataa. Mke wangu alikuwa ameshika sahani, ananitazama kwa jicho la kusema usimwaibishe mdogo wangu, lakini sitamsingizia mke wangu. Nilitamani. Elfu nane ni watu wengi sana kwa mtu aliyesomwa na wawili na nusu.

Sheria za kuandika nilipewa kwenye karatasi. Maneno yale yanayotafutwa yawepo kwenye kichwa cha makala, aya ya kwanza, vichwa vidogo na mwisho. Picha ziwe zangu mwenyewe, na kila picha iwe na maelezo yake chini. Nianze na kisa cha kweli. Na makala iwe ndefu, maneno elfu mbili, kwa sababu Algorithimu, yule anayeamua nani aonekane juu mtandaoni, anapenda makala ndefu. Huyo Algorithimu nilianza kumheshimu kama mama mkwe: sijawahi kumwona, lakini kila kinachopikwa humu ndani ni kwa ajili yake.

Nilipanga kuandika mengi bila kusema kitu. Mafundi tunaweza, hata wanasiasa hawatushindi. Lakini maneno ya hewani yaliniishia kwenye mia nane, na Algorithimu alikuwa bado ana njaa, kwa hiyo mia kumi na mbili zilizobaki ilibidi nitie ukweli. Na nikishaanza kueleza kazi yangu, siwezi kuieleza vibaya. Ni ugonjwa. Nilieleza vizuri mpaka Mtaalamu, ambaye hajui hata kukaza skrubu, alisema ameelewa.

Kisa cha kweli nilikuwa nacho kimoja kizuri. Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na kitasa cha kwanza nilichowahi kufunga maishani nilikifunga kwenye mlango wake, akakisifia kwa majirani wakati hata kufungika kilikuwa kinafungika kwa kubembelezwa. Siku moja alidondosha ufunguo hospitali, na ule wa akiba ulikuwa umepotea dukani kwangu, nikaenda kumfungulia bila ufunguo. Ndicho nilichosimulia. Nikasema yeye ni muuguzi, zamu yake mara nyingi ni ya usiku, anaishi peke yake, na kitasa chake ni cha aina ya zamani. Nikaweka na picha ya mlango wake, maana ndiyo niliyokuwa nayo kwenye simu: mlango wa kijani, na chungu cha maua pembeni. Chini yake nikaandika kama nilivyofundishwa: "Mlango wa nyumba ya kona, mfano mzuri wa kufungua mlango bila ufunguo."

Soma tena hiyo sentensi. Mimi niliisoma mara nne kabla ya kuirusha, nikaona ina mvuto.

Wiki ya sita Mtaalamu akaingia dukani anapiga kelele. Tulikuwa wa kwanza. Si ukurasa wa kwanza, wa kwanza kabisa, juu ya kila mtu, juu ya lile duka la vidole. Mke wangu alipika kama kuna posa. Nilimpigia dada simu, akafurahi sana, akasema mdogo wake amekuwa mtu mkubwa. Hakuuliza nimeandika nini. Ana imani na mimi.

Wateja waliopiga simu walikuwa watatu. Mmoja aliuliza kama nauza vile vifaa vya kufungulia. Wa pili aliuliza hivyohivyo, ila kwa kunong'ona. Wa tatu alikuwa anauza matangazo.

Lakini maoni! Chini ya makala watu walimiminika, na Mtaalamu alikuwa ameniagiza nisiache hata moja bila kulijibu, tena kwa uchangamfu. Mmoja akaandika, "Asante fundi, nimejaribu, imenichukua dakika nne." Nikamjibu, "Hongera sana! Ukizoea utafika dakika mbili." Mwingine akauliza, "Na ikiwa ndani kuna komeo?" Nikamwandikia aya tatu. Wahenga walisema usimwage mtama penye kuku wengi. Mimi niliwamwagia, na nikawapa na maji.

Jumanne asubuhi dada akanipigia. Alisema, "Njoo," tu.

Nilimkuta amesimama nje na sare yake, mkoba begani, ametoka zamu. Majirani walikuwa wameshajaa. Ndani hakukuwa na televisheni, hakukuwa na jiko la gesi wala mtungi wake, hakukuwa na cherehani. Viatu vyake vya kazi navyo walibeba, jozi mbili. Mlango ulikuwa mzima. Walipomaliza walikuwa wameurudishia taratibu, kama wageni wenye adabu.

Nikachuchumaa kukikagua kitasa. Hakikuwa na mkwaruzo. Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa: kazi safi. La pili lilikuwa kwamba naijua kazi hii. Ilikuwa imefanywa kwa mpangilio wangu, hatua kwa hatua, hadi ile ya mwisho ya kurudishia mlango, ambayo niliiongeza ili kufikisha maneno elfu mbili.

Nikajifanya bado nakikagua. Ningependa kusema nilikuwa natafuta namna ya kukiri, lakini nilikuwa natafuta namna ya kuondoka.

Askari aliyekuja alikuwa mtu mpole, mwenye daftari. Akauliza, "Nani anaweza kufungua mlango wa namna hii bila kuuvunja?" Majirani kama saba walianza kutazama viatu vyangu. Kwa miaka ishirini na mbili hawakuwahi kuvitazama.

"Haya, tuulize mtandao," akasema askari, akatoa simu. Akaandika. Hakusubiri sana, maana nilikuwa wa kwanza. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama anasoma tangazo la kifo.

"Jinsi ya kufungua mlango bila ufunguo. Je, umewahi kutaka kufungua mlango bila ufunguo? Dada yangu ni muuguzi..."

Akasukuma kwa kidole. Akaitazama simu, akautazama mlango. Akakitazama chungu cha maua. Akaitazama simu tena.

"Dada," akamwambia dada yangu, "hebu njoo uone. Huu si mlango wako?"

Dada akavaa miwani, akaisoma makala yote. Ni maneno elfu mbili. Watu wote tulisimama pale tukimsubiri amalize, na hakuruka hata aya moja. Hata maoni aliyasoma, na majibu yangu yote ya uchangamfu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Ningekuwa na uwezo wa kuingia ndani ya kile kitasa ningeingia, nikajifungia.

Alipomaliza akamrudishia askari simu yake. "Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Si mwizi. Andika hivyo."

Askari akaandika.

"Dada, nisamehe," nikasema. "Nipe saa moja tu. Naenda kukuletea kitasa kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, nakifunga sasa hivi."

Hakunijibu. Nikachukulia kwamba amekubali. Nilikimbia.

Dukani nikamkuta Mtaalamu anapanga makala ya pili: kufungua gari bila ufunguo. Nikamwambia afute ya kwanza, muda huohuo.

"Shemeji, utapoteza nafasi ya kwanza! Wiki sita zile!"

"Futa."

"Tubadilishe picha tu. Algorithimu hapendi kurasa zinazo..."

Nilimwambia Algorithimu aende wapi na yeye amsindikize. Sitayaandika maneno yenyewe, kuna watoto wanasoma. Alifuta, anasikitika kuliko alivyowasikitikia sungura. Halafu akanieleza, kwa ile sauti yake ya hotelini, kwamba jina langu litaendelea kuonekana pale juu siku kadhaa, na kwamba makala yenyewe imeshanakiliwa kwenye blogu nyingine tisa, mbili zikiwa zimeitafsiri. Alidhani nitafarijika.

Kwenye kabati la kioo kulikuwa na kitasa kimoja cha chuma kizito, ambacho nilikiweka hapo kwa fahari kwa sababu hakukuwa na mteja wa kukimudu. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikachukua mkoba wa vifaa, nikarudi mbio. Njiani nilikuwa najipangia maneno. Nilijiambia kwamba nikishapiga magoti mbele ya ule mlango na kuanza kazi, yeye akiwa amesimama nyuma yangu kama zamani, mambo yatajinyoosha yenyewe.

Mtu aliyepiga magoti mbele ya ule mlango hakuwa mimi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri, na mashine yake ya kutobolea ilikuwa imeshamwaga unga wa mbao kwenye kizingiti. Kitasa cha zamani kilikuwa chini, kwenye gazeti.

"Dada," nikasema, "si ungenisubiri?"

"Nimeshapata fundi."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Sasa umempata wapi mtu usiyemjua?"

"Nimetafuta kwenye simu," akasema dada. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru angekuwa nayo. "Wa kwanza ulikuwa wewe, bado wamekuweka palepale. Nikampigia wa pili."

Yule fundi akaniomba nisogee kidogo kwa sababu nilikuwa namzibia mwanga. Nikasogea. Alifanya kazi vizuri, siwezi kumsingizia. Akakijaribu kitasa mara tatu, akafuta alama za vidole, akasimama na kumpa dada funguo mbili.

Tangu nilipoanza ufundi, kila nilipomfungia kitasa, ufunguo mmoja ulikuwa wake na mwingine ulibaki kwangu. Hatukuwahi hata kuambiana, ndivyo ilivyokuwa. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kabla sijajua. Dada akazitia zote mbili mfukoni mwa sare yake, akamshukuru fundi, halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nikamwambia nimekunywa. Sikuwa nimekunywa.