Bingwa wa Barafu Anyweshe Kwanza

Ngamia wachache wa Ebla walikuwa wamebaki ngozi na mifupa. Ukame wa mwaka 1938 ulikuwa umekausha visima vya upande ule wa Wajir, kikabaki kimoja tu, na zamu ya kunywesha iligombaniwa kwa fimbo. Mjane asiye na kaka wa kumshikia fimbo atafanya nini? Anangoja nyuma. Ebla alikuwa amengoja vya kutosha, na ngamia wake wasipokunywa leo, ndiyo basi tena.

Sasa sikia upuuzi wenyewe. Kuchimba visima vipya alikuwa ameletwa Mswidi mmoja, Torsten, pande la mtu lenye pua iliyobabuka kwa jua. Huko kwao alikuwa bingwa wa kutelezesha jiwe juu ya barafu: unalisukuma jiwe la mviringo lenye mpini, wenzako wanalifagilia njia, lisimame katikati ya duara. Watu wazima hao! Alitwaa kombe miaka nenda miaka rudi, kisha akabeba jiwe lake mpaka Wajir, ambako barafu hata ndotoni haimo. Ila aligundua kwamba udongo ambao wanawake hukandikia hori la kunyweshea, ukiwa mbichi, huteleza vizuri. Akakandika uwanja mzima kando ya kisima.

Mzee Keynan, msimamizi wa zamu, alimtazama akicheza asubuhi nzima, kisha akawaita watu.

"Fimbo sasa basi," alisema. "Atakayesimamisha jiwe karibu zaidi na katikati ndiye atakayenywesha kwanza."

Wanaume na ndevu zao wakajipanga. Wengine walilipeleka jiwe kichakani. Ilipofika zamu ya Ebla, jirani yake Saynab alishika ufagio akalifagilia njia kana kwamba mkwe anakuja, jiwe likasimama shubiri moja kutoka katikati. Ebla akageuka kwenda kuwaleta ngamia wake.

"Mgeni hajacheza," alisema Keynan. "Tutamnyimaje mgeni?"

"Adeer, ami yangu, mgeni huyu hana hata kuku," alisema Ebla.

"Mgeni ni mgeni."

Torsten alijua fika ni ngamia wa nani watakaokufa. Alimtazama Ebla, akalitazama jiwe. Lakini mkono wake haukujua kushindwa kwa makusudi. Alilisukuma, akalikimbilia mwenyewe na ufagio, likatua katikati hasa. Kisha akaangua kilio, jitu zima.

Maji yakatekwa, hori likajaa, watu wakamngoja Mswidi anyweshe. Zamu haigawiwi, na wa nyuma hasogei mpaka wa mbele amalize. Torsten akainama akanywa kidogo. Keynan akamwambia aendelee.

Ebla aliwaka hasira mpaka kichwa kikamuuma. Akamkokota ngamia wake wa mbele, akamtia Torsten kamba mkononi.

"Jamani, huyu ni maskini," alitangaza. "Namwazima ngamia wangu wote, awakamue mpaka Mungu amjalie wake."

Kumwazima maskini ngamia wa maziwa ni desturi ya Wasomali tangu na tangu, na hakuna mzee wa kuipinga. Keynan akasogea kando ya hori. Ngamia wakanywa mpaka wakashiba, na Ebla akalia mbele ya watu bila kujifuta.

"Ahsante, Mama," alisema Torsten, akimrudishia kamba.

"Kurudisha leo leo ni kunitukana. Aliyeazimwa huwafuata malishoni."

"Nina mashindano kwetu, Mama. Mpaka lini?"

"Mpaka upate wako."

Torsten alimtazama Ebla, hakuthubutu kumnyima kitu mara ya pili, akaanza kuswaga ngamia.