Jumapili Royce Alipokuja Kula

Vumbi la magharibi ya Texas halina haraka. Huinuka kwenye mashamba ya pamba, jekundu, huingia kooni, huingia ndotoni. Ndani ya vumbi hilo alilelewa Harlan Stovall, mwana wa mkulima wa pamba, mabega kama mlango wa ghala.

Chuo kilimchukua kwa mabega hayo. Kikamweka mstari wa mbele katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi na kugongana miili. Kazi yake ilikuwa moja: kumkinga Royce Petty, mrushaji wa mpira, asiguswe. Miaka minne Royce alirusha, Harlan alikinga. Royce aliimbwa, Harlan alikinga. Mechi ya mwisho jitu la wapinzani likapenya, Harlan akajitupa, goti likalia kama kuni kavu. Royce akarusha. Wakashinda. Mmoja akatoka uwanjani juu ya mabega ya watu, mwingine juu ya machela.

Hakulalamika. Alipenda, na apendaye hahesabu majeraha. Akawa kocha wa chuo kilekile, miaka ishirini na miwili akichechemea kando ya uwanja, sauti imemkauka kwa kuwaita vijana wa watu 'wanangu'. Royce akawa mwenyekiti wa bodi ya chuo. Na kila Jumapili, wakitoka kanisani, Royce alikula kwa Harlan.

Jumapili ile pia alikula. Alikula nyama ya moshi, alikula maharage, akamsogezea sahani Verna, mke wa Harlan.

"Shemeji, pai hii ya pichi itaniua. Hebu niongeze."

Akaongezwa. Mlangoni akamkumbatia Harlan, muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatatu, kwa kinyozi, povu shavuni, Harlan akasikia redioni: kocha ameondolewa, bodi ilipiga kura Ijumaa, hakuna aliyepinga.

Ijumaa.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wazee. Chake kilikuwa mezani, kikiomba kuongezewa.

Alimkuta Royce juu ya ngazi za ofisi ya chuo.

"Ijumaa ulinyoosha mkono?"

"Timu imefungwa misimu mitatu, Harlan. Wenzangu walinibana."

"Nimekuuliza mkono."

"Niliunyoosha."

"Na Jumapili ukaja kula."

"Nilikuja kukuambia, ndugu yangu. Maneno yakanikwama."

"Pai haikukukwama."

Harlan akageuka kushuka. Vidato kumi na viwili, goti moja zima. Akayumba. Royce akaruka, akamtolea mkono, uleule wa Ijumaa.

Harlan akautazama. Kisha akashika chuma cha ngazi, chenye baridi na kutu, akashuka kidato kwa kidato, asikiachie.