Tofali Lililobaki

Mayige alipofariki, aliacha rundo la matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba yake huko Migato, na mjane, Kija. Matanga yalipoisha, ndugu zake wawili, Nyanda na Shija, walikuja kuyagawana. Hawakuhesabu. Waligawa kama wazee wao walivyogawa: moja kwako, moja kwangu, mpaka rundo likaisha.

Likabaki moja. Kija alilijua hata kabla halijageuzwa. Lilikuwa na unyayo wa Lucy, binti yake, aliyelikanyaga likiwa bado bichi. Lucy alizikwa mvua zilizofuata. Simu yenye picha zake ilitumbukia kisimani, kwa hiyo unyayo ule ndio pekee aliokuwa nao mama yake.

"Kikibaki kitu, kuna mtu tumemsahau," Shija alisema. Ndivyo ukoo wao ulivyoamini.

Wakamwita dada yao Wilhelmina kutoka Bariadi. Wakavuruga mafungu, wakaanza upya. Mafungu matatu. Likabaki moja, lile lenye unyayo.

"Mmelificha chini makusudi nyie," Wilhelmina alicheka.

"Dada, nililitupa katikati kwa mkono wangu huu." Shija hakucheka.

Jumatano waliongezeka baba wadogo wawili, wakawa watano. Alhamisi wakawa saba. Jumamosi kumi na mmoja, wengine Kija hakuwaona hata msibani. Kila mara mafungu yalitoka sawasawa, na kila mara tofali lile lilibaki peke yake mchangani, vidole vitano vidogo vikielekea mlangoni kwa Kija.

Jirani yao, mwalimu Theonest, akaja akahesabu. "Elfu mbili mia tatu na kumi na moja. Ukitoa moja, elfu mbili mia tatu na kumi inagawanyika sawasawa kwa mbili, tatu, tano, saba na kumi na moja. Muwe wawili, watatu, watano, saba au kumi na mmoja, litabaki moja tu."

"Na mbona ni lile lile?" Nyanda aliuliza.

Mwalimu alilitazama tofali, akajifuta mikono kwenye suruali. "Hilo halimo kwenye hesabu, mzee." Akaaga.

Nyanda akainua jembe. "Nalivunja. Kila mtu abebe kipande chake."

Kija alikuwa amewapikia ugali wiki nzima bila kusema neno. Sasa alisikia sauti yake ikitoka. "Shemeji, mimi hamjanihesabu."

"Mjane anahesabiwa tangu lini?" Wilhelmina alisema, lakini kwa sauti ndogo, macho yake yakiwa kwenye tofali.

Nyanda akashusha jembe. Wakagawa mafungu kumi na mawili. Jua lilipoinama, yakabaki matofali saba. Wakayageuza yote, moja moja. Hayakuwa na alama yoyote.

Unyayo ulikuwa chini kabisa ya fungu la Kija, kwenye tofali la kwanza kuwekwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kuliweka pale.